Muhuri wa serikali haumlindi tena aliyeuamini

Mnamo Septemba 2017, Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa kiwanja kimoja huko Nyali ili kufungua njia ya kuteremkia baharini. Kiwanja kilikuwa cha kampuni iitwayo Dina Management. Kampuni ilikuwa na hatimiliki iliyotolewa na serikali, yenye nambari, sahihi na muhuri, na ilikuwa imekinunua kwa pesa zake kutoka kwa mmiliki aliyetangulia, ambaye naye alikuwa na hati. Ikakimbilia mahakamani. Ikashindwa katika Mahakama ya Ardhi na Mazingira, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: kiwanja ni cha umma.

Naiona hukumu hiyo kuwa kubwa kuliko kesi yenyewe. Tangu siku ile nimekuwa nikiliona jambo lilelile likimkuta mfanyabiashara anayepeleka kila mwezi ritani zake za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na tabibu mwenye zahanati anayempokea mgonjwa mwenye bima ya serikali. Serikali inakosea, kosa linagunduliwa baada ya miaka, na anayelilipia ni yule aliyeiamini. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Lakini nitaanza na Nyali na kukaa hapo kwa muda, maana asiyeielewa vizuri ataichukia hukumu ile bila haki, au ataisifu bila kuona jeraha ililoliacha.

Mtu anapogawanya shamba kubwa kuwa viwanja vya kuuza, sheria za mipango humtaka aache sehemu kwa ajili ya barabara na matumizi ya umma, na sehemu hiyo huikabidhi kwa serikali bila malipo. Kipande cha Nyali kilikuwa kimewekwa kando namna hiyo, kama eneo wazi la umma. Kisha mwaka 1989 kikagawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, na kutoka kwake kikapita mkono hadi mkono mpaka kikafika kwa Dina. Majaji hawakutosheka kuitazama hati iliyokuwa mbele yao. Waliifuata nyuma, hatua kwa hatua, hadi siku ya kwanza. Je, mpango wa eneo ulichorwa na kuidhinishwa kabla ya barua ya ugawaji kuandikwa? Je, ardhi iliyokwisha kuwekwa kando kwa umma bado ilikuwa ya kugawiwa mtu binafsi? Waliona kwamba utaratibu haukufuatwa na kwamba ardhi ile haikuwa ya kugawiwa. Hati ya kwanza ilizaliwa na kasoro, na kila hati iliyotokana nayo iliirithi kasoro hiyo.

Dina ilijitetea kama mnunuzi mwenye nia njema: nilinunua kwa bei ya haki, sikujua kosa lolote, nilitazama rejista nikaiona safi. Kwa miaka mingi utetezi huo ulikuwa ngao ya kutegemewa. Mahakama ikasema ngao hiyo haifanyi kazi hapa. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda haki ya kumiliki mali, ila kifungu chake cha sita kinaondoa ulinzi huo kwa mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 26, inasema hati ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Angalia jinsi kifungu hicho kilivyoandikwa. Pale penye ulaghai, sheria inataka ithibitishwe kwamba mwenye hati alihusika. Pale penye utaratibu uliokiukwa, haitaki hivyo. Unaweza kuwa huna hatia hata chembe na bado ukapokonywa.

Mimi ni mtu wa Pwani, na naikubali hukumu ile kwa upande wa ufuo. Ukitembea kutoka Nyali kuelekea Bamburi na Shanzu utaona kuta zilivyosimama kati ya barabara na bahari. Mvuvi anayetaka kuteremka na wavu wake, mtoto anayetaka kuogelea siku ya Idi, mama anayeuza mahamri na viazi karai ufuoni, wote wanatafuta upenyo kati ya nyumba za watu. Njia zilikuwepo kwenye ramani. Zilimezwa na hati. Mahakama iliposema kwamba karatasi haiwezi kuigeuza njia ya watu kuwa ua wa mtu, ilisema neno ambalo watu wa huku walilingoja kwa muda mrefu.

Na tunaijua karatasi vizuri huku kwetu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa mbele ya serikali ikahesabiwa kuwa ya dola ya Uingereza. Waliokuwa karibu na ofisi na waliojua taratibu zake walipata. Waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao humo bila karatasi wakaamka maskwota. Mpaka leo Majengo, Mombasa, utamkuta mtu anaishi katika nyumba iliyojengwa na babu yake huku ardhi iliyo chini ya nyumba ikiwa ya mwingine, naye analipa kodi ya kiwanja. Basi mahakama inaposema karatasi peke yake haitoshi, mtu wa Pwani husikia haki ikibisha hodi.

Ila kuna swali ambalo hukumu haikulijibu kwa namna ya kuniridhisha. Nani aliitoa hati ile ya 1989? Nani aliandika jina katika rejista, akapiga muhuri, akapokea ada, kisha akaidhinisha uhamisho mara moja na mara ya pili? Serikali. Wasajili wake, wapima wake, Kamishna wake wa Ardhi. Rejista ya ardhi ni ya serikali na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuitunza. Mnunuzi alipoiuliza rejista, serikali ilimjibu kwa maandishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Miaka ikapita, serikali hiyohiyo, safari hii kupitia kaunti, ikaja na matingatinga. Mnunuzi akaondoka mikono mitupu.

Hili halikuishia Nyali. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi iliyokuwa mikononi mwa jeshi, Mahakama ya Juu ilisema barua ya ugawaji haimpi mtu umiliki, na kwamba haiwezi kuuzwa kabla ya masharti yake kutimizwa. Aprili 2025 mahakama hiyo ikakataa tena kumlinda mnunuzi, safari hii wa mali iliyoko Ngara, Nairobi, ambaye hati yake ilitokana na utoaji usiofuata utaratibu. Msimamo sasa umekomaa. Wakili yeyote anayekununulia ardhi leo bila kuuzingatia anakukosea.

Hatari hii ni pana kiasi gani? Tume ya Ndung'u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati za ardhi zilizotolewa kinyume cha sheria zilikuwa takriban 200,000, nyingi zikitolewa kati ya katikati ya miaka ya 1980 na 2002. Tangu hapo ardhi hizo zimegawanywa, zikauzwa, zikarithiwa, zikawekwa rehani benki. Hati moja mbovu ya ekari 20 inaweza kuwa imezaa hati 160 za moja ya nane ya ekari au ndogo zaidi, kila moja ikiwa na familia juu yake inayolala ikijua iko kwake. Na benki iliyokopesha kwa dhamana ya hati kama hiyo imeshika kitu kisichokamatika.

Mwaka jana dada yangu alitaka kununua kiwanja cha kujenga, kaskazini ya Mtwapa. Dalali alimletea nakala ya hati, nzuri kabisa. Alifanya upekuzi rasmi, majibu yakarudi safi: hakuna zuio, hakuna rehani, jina la muuzaji ndilo lililomo. Kabla ya Dina Management, hapo tungefunga safari na kulipa. Safari hii tukaambiana tuitafute asili yake. Tukataka kuona kadi ya kijani yenye historia ya umiliki, ramani ya usajili, fomu ya mpima iliyogawanya kiwanja mama, ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na zaidi ya yote karatasi za siku ya kwanza: mpango wa eneo, barua ya ugawaji, risiti za malipo. Katika ofisi moja ya ardhi tuliambiwa faili haionekani. Njooni wiki ijayo. Tukaenda wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, wala hakuomba kitu. Faili ilikuwa haipo tu.

Hapo ndipo nilipoiona dhuluma waziwazi. Mahakama inamtaka mnunuzi afuate asili ya hati mpaka mwisho wake. Karatasi za asili hiyo zinakaa kwenye makabati ya serikali. Zikipotea, aliyezipoteza haulizwi. Anayeulizwa ni mnunuzi: kwa nini hukuchunguza? Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, unasaidia kuharakisha upekuzi, lakini kuingiza rejista kwenye kompyuta hakuisafishi. Hati iliyokuwa mbovu kwenye karatasi huingia kwenye skrini ikiwa mbovu vilevile, na sasa inang'aa zaidi.

Mavoko, Kaunti ya Machakos, hali ilikuwa tofauti kidogo, lakini machozi ni yaleyale. Oktoba 2023 nyumba za watu zilibomolewa kwenye ardhi ya ekari 4,298 ambayo mahakama ilithibitisha kuwa ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Nyingi zilikuwa nyumba za mawe, kazi ya maisha ya watu, zilizojengwa mchana kweupe kwa miaka. Wanunuzi walidanganywa na watu waliojidai wenye ardhi, na hao wanastahili jela. Lakini mtaa mzima haujengwi usiku mmoja. Mtaa unapoinuka hivyo, kaunti inauona, chifu anauona, na kila mwaka ambao ofisi za umma zinanyamaza, mnunuzi mwingine anaingia akiamini kwamba pangekuwa na kasoro, mkubwa fulani angekwisha kusema.

Sasa tuhame kutoka ardhini twende dukani.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, ikapandisha ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, na ikaleta tozo ya nyumba: asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema tozo ya nyumba inakiuka Katiba. Serikali ikaendelea kuitoza kwa muda chini ya amri za kusimamisha hukumu, mpaka Mahakama ya Rufaa ilipokataa kuzirefusha Januari 2024. Machi 2024 sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ikatiwa sahihi, tozo ikarudi. Pesa zilizokatwa katika ile miezi ya sheria iliyobatilishwa hazikurudi kwenye mishahara ya waliokatwa.

Kisha tarehe 31 Julai 2024, wiki chache baada ya vijana kuingia barabarani na Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 yote kwa kasoro za ushirikishaji wa umma. Mwenye duka akalala na sheria moja, akaamka na nyingine. Atoze VAT kwa kiwango gani? Ushuru wa mauzo ni asilimia 3 au umerudi kuwa 1? Mahakama ya Juu ilisimamisha hukumu hiyo tarehe 20 Agosti, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT za Julai. Nawafahamu wahasibu waliokaa siku ile wakiisubiri mahakama huku saa ikihesabu. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho: sheria ilikuwa halali tangu mwanzo.

Sijadili hapa kama majaji wa Rufaa walikuwa sahihi au wa Juu. Nasema kwamba katika kipindi chote hicho, kila mara ambapo mashaka yalisababishwa na jinsi Bunge lilivyotunga sheria, mfanyabiashara ndiye aliyeyabeba. Akilipa na sheria ikabatilishwa, hapati chake. Akiacha kulipa na sheria ikafufuliwa, anadaiwa pamoja na faini. Kwake yeye hakuna uamuzi ulio salama.

Ukitaka kupima usawa wa jambo hili, tazama saa mbili, ya mwenye biashara na ya serikali. Mwenye biashara akichelewesha ushuru kwa siku moja, sheria ya taratibu za ushuru inamtoza faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi mpaka amalize. Serikali ikichelewesha malipo ya mtu aliyeipelekea meza za shule au aliyeijengea barabara, saa yake husimama. Mwaka 2023 iliundwa kamati, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Edward Ouko, kuhakiki madeni ya serikali kuu ya tangu 2005 hadi 2022. Tangu 2005! Kuna watu waliozikwa wakiidai serikali, na watoto wao sasa ndio wanaopeleka nakala za ankara.

Upande wa afya ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu hapo katikati ya serikali na mdai wake amelala mgonjwa.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2023 kuchukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwepo tangu 1966. Nia yake ni njema na sitaki kuipunguza. Chini ya NHIF, mfanyakazi mwenye mshahara mkubwa kabisa hakuzidi shilingi 1,700 kwa mwezi; sasa kila mwajiriwa anachangia asilimia 2.75 ya mapato yake, na asiye na mshahara anakadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye nacho abebe zaidi. Huo ni msingi wa haki.

Lakini tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria hiyo ilipitishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo na kwamba vipengele vyake vinakiuka Katiba. Wakaipa serikali siku 120 kurekebisha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi. Yaani hospitali zilitakiwa kutia sahihi mikataba na chombo ambacho msingi wake wa kisheria ulikuwa umebatilishwa na mahakama moja na kushikiliwa na amri ya muda ya nyingine. Na zilitakiwa kufanya hivyo kabla hazijalipwa madeni ya mfuko uliokuwa ukifungwa.

Chukua zahanati binafsi ya vitanda 10 katika mji mdogo. Ina tabibu, wauguzi watatu, mtu wa maabara, mlinzi na msafishaji. Dawa inachukua kwa mkopo kwa msambazaji anayetaka chake baada ya siku 30. Nyumba ni ya kupanga. Mama mjamzito anakuja usiku, kadi yake inaonyesha yuko hai kwenye mfumo, anajifungua salama. Kuonekana kwa jina lake kwenye mfumo ndiko muhuri wa serikali: mtibu, nitalipa. Zahanati inatuma madai. Kuanzia hapo inangoja. Mwezi, miezi mitatu, na kwa madai ya NHIF wengine waliingia mwaka wa pili. Mlinzi hangoji. Msambazaji hangoji.

Februari 2025 hospitali binafsi za chama cha RUPHA zilianza kuwatoza wagonjwa wa SHA pesa taslimu kwa sababu ya madeni. Walioumia ni wanachama waliokuwa wamekatwa michango yao kwenye mshahara na bado wakaambiwa walipe mlangoni. Machi 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba vituo vinavyoidai NHIF shilingi milioni 10 au chini yake vitalipwa deni lote, na kwamba hivyo ni asilimia 91 ya vituo vinavyodai; vyenye madai makubwa zaidi vikahakikiwe kwanza. Nilifurahi kwa ajili ya zahanati ndogo. Lakini tangazo la Rais si sheria, na deni la mkataba halipaswi kungoja tangazo la mtu yeyote ili lilipwe.

Najua jibu la Wizara: wako waliotuma madai ya wagonjwa ambao hawakulazwa, na upasuaji ambao haukufanyika. Ni kweli. Mwaka 2025 vituo kadhaa vilisimamishwa kwa tuhuma hizo, na anayeiba pesa za wagonjwa anastahili kufungiwa na kushtakiwa. Lakini tazama tena yule tabibu mwaminifu. Wizi wa wenzake unamfanya yeye angoje uhakiki. Kukosa mfumo mzuri kwa serikali kunamfanya angoje uhakiki. Yeye hana njia ya kumwambia msambazaji wa dawa kwamba naye angoje uhakiki. Lilelile la Nyali: kosa limetoka kwingine, hasara imekuja kwake.

Je, sheria haina dawa? Inayo, na hili ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 81, inampa haki ya fidia mtu aliyepata hasara kwa sababu rejista imerekebishwa au ilikuwa na kosa. Anayenyimwa ni yule aliyesababisha hasara hiyo kwa ulaghai au uzembe wake mwenyewe. Mnunuzi aliyelipa bei halali kwa nia njema hakufungiwa mlango. Maana yake, waliotunga sheria walijua kwamba rejista ya serikali inaweza kusema uongo, na wakaona aliyeutunga uongo huo ndiye anayepaswa kuulipia. Lakini ulinganishe mara ngapi mawakili wanazungumzia kifungu cha 26 na mara ngapi wanakitaja cha 81. Kimekaa humo kama ndoo ya mchanga kwenye ukuta wa ofisi. Kila mtu anapita, moto ukiwaka hakuna anayeikumbuka.

Ningependa kuona mahakama zikifanya mambo mawili katika hukumu moja: zirudishe ardhi ya umma kwa umma, na papo hapo ziagize uchunguzi wa fidia kwa mnunuzi asiye na hatia, ilipwe na serikali, kisha serikali imfuate msajili aliyetia sahihi na mgawiwa wa kwanza aliyefaidi. Hapo serikali itakuwa na sababu ya kusafisha rejista zake, kwa sababu kila hati mbovu itakuwa deni kwenye vitabu vyake. Leo haina sababu hiyo. Hati ikibatilishwa, serikali inapata ardhi bure, na ada ya usajili iliyopokea inabaki nayo.

Kwa ushuru na kwa afya dawa ni rahisi zaidi kuiandika. Sheria ya fedha inayobishaniwa mahakamani iseme yenyewe mlipaji afanye nini katika kipindi cha mashaka, na aliyefuata hukumu iliyokuwepo siku ile asitozwe faini. Deni la hospitali lililoiva na kuhakikiwa lianze kuzaa riba ileile ya asilimia 1 kwa mwezi ambayo serikali humtoza mwenye duka. Miswada ya kuilazimisha serikali kulipa kwa wakati imewahi kufikishwa bungeni. Haikosi maneno, inakosa wa kuisukuma. Wenye hospitali, wenye maduka na wenye viwanja wamezoea kwenda mahakamani kila mmoja na kesi yake. Wakikaa meza moja watagundua kwamba mdaiwa wao ni mmoja.

Dada yangu bado hajanunua. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kwamba faili imeonekana, ila kurasa za mwanzo, zile za ugawaji, hazimo. Muuzaji amempunguzia bei. Dalali anamwambia watu wengine wanakitaka kiwanja, aharakishe. Amemwandikia msajili barua akimwomba athibitishe kwa maandishi jinsi ardhi ile ilivyotolewa mara ya kwanza, na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokewa. Amesema hatoi hata shilingi mpaka barua hiyo ijibiwe.